Tyubu Iliyofungwa kwa Kibanio cha Samaki

Kifuniko kilizama ziwani saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa hiyo naijua kwa sababu baba alikuwa ameitaja kwa sauti muda mfupi kabla. Tulikuwa ndani ya mtumbwi uliotutoa melini kutupeleka ufukweni. Mama alikuwa amempakata mdogo wangu Idi, mimi nimekalia gunia la maharage, na baba amekunja mkono wa shati ili aione saa yake vizuri. Daktari wa Mbinga alikuwa ameagiza dawa ya macho ipakwe saa mbili asubuhi, saa kumi alasiri na saa nne usiku, bila kukosa hata mara moja.

"Dakika ishirini zimepita," baba alisema. "Mpake."

"Tukifika nchi kavu," mama akajibu. "Huoni tunavyoyumba?"

"Daktari hakusema nchi kavu. Alisema saa kumi."

Mama akafungua tyubu. Kifuniko chake kilikuwa kidogo kama punje ya mbaazi. Wimbi likaupiga mtumbwi ubavuni, kikaponyoka kati ya vidole vyake. Maji ya Nyasa ni maangavu. Nilikiona kikishuka, cheupe, kikijigeuza, mpaka kikawa kama chembe ya chumvi, kisha nikawa naangalia maji tu.

"Hicho sasa ni cha samaki, mama," mpiga kasia alisema.

Nimeyakumbuka haya kwa mpangilio kwa sababu ya sanduku la mama. Tulilifungua mwaka huu, siku mbili baada ya arobaini yake, Idi na mimi, hapa nyumbani kwangu Mbinga. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, kulikuwa na tyubu ya bati laini iliyokunjamana, imebanwa mkiani kwa vijiti viwili vya mwanzi. Niliitambua kabla kanga haijafunguka yote. Chini ya tyubu kulikuwa na daftari langu la hesabu la darasa la tatu.

Baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Alitoka Kondoa, akahamishiwa ufukweni, katika kijiji kilicho kati ya Lipingo na Ngumbo, tukamfuata. Tulikuwa nyumba pekee ya Waislamu pale, na nyumba pekee isiyokuwa na wavu wala shamba la mihogo. Idi alizaliwa mwaka wetu wa pili. Alipofikisha miezi mitano, macho yake yalianza kutoa usaha. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana, na mama alikaa naye mlangoni akizilowesha kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, akisema taratibu, "Fungua, baba. Fungua nikuone." Zahanati ya karibu haikuwa na dawa wiki hizo. Ndipo tukapanda meli, kisha lori, mpaka Mbinga, na daktari akatuonyesha jicho la kushoto. Lilikuwa na kidonda kwenye kioo chake, kidogo kama ncha ya sindano. Alisema kidonda kile kinatibika kwa dawa ile. Alisema pia kwamba dawa ikikatika siku chache tu, kitakula jicho.

Kwa hiyo tyubu ile moja ndiyo ilikuwa jicho la Idi. Hivyo ndivyo mama alivyoniambia, na sikulichukua kama mfano wa maneno. Nilipoitazama niliona jicho.

Tatizo la kwanza lilikuwa joto. Mbinga ni baridi. Dawa ilitoka dukani ngumu kama siagi. Ufukweni ililainika, na bila kifuniko ikaanza kujitokea yenyewe mdomoni mwa tyubu, njano, polepole, hata kama hakuna aliyeibonyeza. Asubuhi ya kwanza tuliikuta imetambaa juu ya kisahani urefu wa kucha, sisimizi wameizunguka. Siku ya pili walikuja kungu, wale wadudu wadogo wanaonyanyuka ziwani kama moshi, wakanasa mdomoni. Mama aliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya pini.

Baba alihesabu pesa ya tyubu nyingine, akaifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake jina la dawa. Meli ilipita mara moja kwa wiki. Alikusudia kumpa mhudumu mmoja wa melini aliyemfahamu, naye angemwagiza dereva wa lori. Mpaka tyubu ipatikane zingepita wiki mbili, kama kila mtu angekumbuka.

"Wiki mbili hatuna," mama alisema.

"Basi tuifunge hii," baba akasema, akanitazama mimi. "Wewe si ndiye unayetengeneza vitu?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimetengeneza mizani ya kuchezea kwa rula na vifuniko viwili vya kopo, ndiyo sifa yangu yote. Lakini baba hakuwa mtu wa kutania, nikaona nimepewa kazi ya serikali.

Nilianza na kijiti cha muhogo. Kiini chake cheupe kilinyonya dawa, nikakitupa. Nikajaribu gunzi la hindi lililochongwa; siku ya pili lilikuwa na ukungu. Nta ya mshumaa ilishika vizuri usiku, saa sita mchana ikawa maji. Kisha nikaenda kwa jirani yetu, Baba Agnesi, mvuvi, aliyekuwa akichonga maboya ya wavu kutoka kwenye ndala zilizochakaa, nikamwomba kipande.

"Binti karani anataka kuvua nini?" aliuliza.

"Nataka kuziba dawa ya Idi. Shikamoo."

"Marahaba. Salamu imekuja nyuma kama mkia wa mjusi." Akanikatia kipande kizuri cha bluu. "Chukua. Kikizama, nirudishie, boya langu halizami."

Kizibo cha ndala kilifaa kuliko vyote. Kilijaa mdomoni, kikakaa. Nilikikaza zaidi ili nisiwe na wasiwasi, na hapo shingo ya tyubu ikapasuka kwa urefu, kwa sauti ndogo kama ya punje ya hindi ikivunjwa na jino. Dawa ikatoka kwenye ufa na kunilowesha vidole.

Sijasahau uso wa mama. Hakunipiga. Alichukua dawa iliyokuwa kwenye vidole vyangu, akampaka Idi yote, kidole kwa kidole, kisha akakaa chini sakafuni na kujifunika kanga kichwani. Nilimsikia akipumua humo ndani.

Nilikimbia kwa Baba Agnesi nikiwa nimeibana tyubu kwa mikono miwili. Mkewe, Mama Agnesi, alikuwa nje akibanika mbasa. Wote mnaotoka ufukweni mnajua jinsi inavyofanywa: mwanzi unapasuliwa nusu, samaki anabanwa katikati, ncha zinafungwa kwa uzi, na samaki hachezi hata ukimgeuza mara kumi. Nilimtazama yule samaki aliyebanwa. Nikaona kosa langu. Nilikuwa nahangaika na mdomo, na mdomo ulikuwa umekufa. Tyubu ina upande wa pili.

Baba Agnesi aliikunja ile shingo iliyopasuka, akaipaka lami ya kuzibia mitumbwi, akaiacha ikauke. Mimi nilikunjua mkia wa tyubu, pale kiwandani walipoukunja na kuubana, nikaukata upana wake wote kwa wembe uliochemshwa. Sasa tyubu ilifunguka kwa nyuma, pana kama mfuko. Nikaukunja mara mbili, nikaubana kwa vijiti viwili vya mwanzi vilivyopasuliwa kutoka kijiti kimoja, ncha moja nimeifunga kwa uzi wa nyavu, ncha ya pili ina kitanzi cha kuvutwa. Ukitaka dawa unalegeza kitanzi, unakunjua, unachota kwa kijiti kilichochemshwa, unakunja, unabana. Nilikijaribu kibanio kwa kuiacha tyubu juani, juu ya jiwe, tangu saa sita mpaka saa tisa. Haikutoka hata chembe.

Baba aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Meli ilikuwa imekwisha kupiga honi. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaifungua, akarudisha pesa kwenye kopo la chai.

"Hatuagizi," alimwambia mama. "Mtoto amemaliza kazi."

Kisha akanifundisha jambo ambalo ndilo ninaloishi kwalo mpaka leo. Alisema kitu kilichofungwa kinapaswa kupimwa, la sivyo hujui kama kimefungwa. Nikachukua mizani yangu ya rula, nikachagua punje za mahindi kutoka katikati ya gunzi moja ili zilingane, na kila jioni nikapima tyubu pamoja na kibanio chake, nikaandika kwenye daftari. Jioni ya kwanza: punje thelathini na nne. Kisha thelathini na tatu na nusu, kisha thelathini na tatu. Ilipungua kwa kadiri tulivyopaka, si zaidi. Usaha ukakauka. Siku ya kumi na mbili Idi aliamka na kufungua macho mwenyewe, akaitazama taa ya chemli iliyokuwa haijawashwa, na mama akalia tena, safari hii bila kujifunika.

Wiki iliyofuata baba akasafiri na hakimu kwenda kusikiliza kesi upande wa Mbaha. Siku mbili baadaye macho mekundu yaliingia nyumbani kwa Mama Agnesi. Watoto wake watatu walishikwa kwa pamoja, Agnesi rafiki yangu akiwa wa kwanza.

Mama Agnesi alikuja asubuhi, baada ya Idi kupakwa, akasimama mlangoni.

"Mama Karani, naona aibu kuomba."

"Aibu ya nini? Ingia."

"Ile dawa ya mtoto. Ya leo tu. Saa kumi nitakuwa nimeirudisha, hata kama nyumba inaungua."

Niliona mama akiiangalia tyubu, kisha akimwangalia Idi. Lakini mwanamke yule alikuwa ametulisha samaki mwaka mzima bila kuulizwa, na mume wake ndiye aliyeitia lami shingo ile ile. Mama akampa. Nilimwonyesha Mama Agnesi jinsi kibanio kinavyofunguka. "Hii akili ya nani?" aliuliza. Nikasema ni yangu. Akanipapasa kichwa. "Utaolewa na fundi." "Nitakuwa fundi mwenyewe," nikamjibu, akacheka mpaka barabarani.

Alirudi saa kumi kasoro dakika tano. Tyubu ilikuwa imefutwa safi, kibanio kimekazwa vizuri. Pamoja nayo alileta bakuli la usipa wakavu, dagaa wa ziwani.

Jioni nikapima. Asubuhi ile, kwa kuwa tyubu ilikuwa inaazimwa, nilikuwa nimeipima pia: punje ishirini na saba. Sasa ilikuwa thelathini na tatu.

Nilirudia mara tatu. Nilibadilisha upande wa mizani. Thelathini na tatu.

Nataka niandike kwa usahihi nilivyofikiri, kwa sababu nimetumia miaka mingi kujaribu kujiona nilikuwa mjinga, na sikuwa. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mwezi ule ule kwamba kitu kikipata joto hutanuka. Nilikuwa nimeiona dawa ikitoka Mbinga kwenye baridi, ikafika ufukweni kwenye joto na kufurika mdomoni. Nilijua kwa macho yangu kwamba joto huizidisha. Kwa nini basi siku zote ilikuwa ikipungua? Kwa sababu vifuniko vyote vilivyotangulia viliiacha imwagike, na baadaye tuliiweka kivulini. Nyumba ya Mama Agnesi ilikuwa na bati, joto kama tanuri. Dawa ilikaa humo kutwa nzima ndani ya kibanio changu, ikatanuka, na kwa mara ya kwanza haikupata pa kutokea. Kila hatua ya hoja ile ilikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimetengeneza kifuniko kinachoongeza dawa.

Sikumwambia mama. Nilitaka baba aione namba kwenye daftari, aisome mwenyewe, kisha aniite.

Siku ya tatu macho ya Idi yaligandana tena. Mama alimpaka mara nne badala ya tatu, halafu mara tano. "Dawa ipo," alikuwa akisema, kama mtu anayemjibu mwingine, "dawa ipo ya kutosha, mbona haifanyi kazi kama mwanzo?" Mimi nikaanza kuiweka tyubu juani mchana ili iongezeke zaidi. Siku ya sita Idi aliacha kulia, akawa anageuza uso kutoka kwenye mwanga na kuguna tu, na doa jeupe lilionekana kwenye jicho la kushoto hata ukiwa umesimama mbali. Meli ilikuwa imepita jana yake. Mama alimfunga mgongoni na kutembea naye ufukweni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akiuliza kila mtumbwi uliotia nanga kama una mtu anayekwenda kusini. Sijui alikunywa nini siku zile. Mimi nilipika uji, na ulibaki.

Baba alirudi siku ya tisa. Alimtazama Idi, akaomba daftari. Alipitisha kidole kwenye namba moja moja, kikasimama.

"Hapa ulikosea kupima."

"Sikukosea. Nilipima mara tatu."

"Dawa haiongezeki."

"Imetanuka, baba. Kwa joto."

Hakunikemea. Alilegeza kitanzi, akakunjua mkia wa tyubu, akainusa. Kisha akaniletea puani. Dawa yetu haikuwa na harufu yoyote. Hii ilinukia marashi, yale yanayotiwa kwenye mafuta ya mgando ya kujipaka, yanayouzwa kwa kijiko gulioni. Rangi ilikuwa ile ile ya njano.

Tulikwenda wote watatu, mama akiwa na Idi mgongoni. Mama Agnesi alikuwa anapepeta unga wa muhogo. Watoto wake walikuwa wamepona, wanacheza.

"Mama Agnesi," baba alisema, kwa sauti anayotumia mahakamani kusoma majina, "siku uliyoazima dawa, ilibaki?"

Aliacha kupepeta. "Ilikwisha, Bwana Karani. Watoto watatu, na mara tatu. Nilikamua mpaka nikaona bati."

"Na ukaweka nini?"

"Mafuta mazuri! Mapya, sijayagusa kwa mkono, nilitia kwa kijiko." Akatutazama mmoja mmoja. "Ningerudishaje chombo kitupu? Hapa kwetu chombo hakirudi kitupu. Na nyie wageni, mngenionaje? Mafuta si ndiyo yale yale, yanalainisha..." Kisha macho yake yakafika kwa Idi. Ungo ukamtoka mikononi.

Hakuna aliyemtukana. Nilitamani mtu amtukane, ili kosa lisiwe langu. Usiku huo huo Baba Agnesi alitushusha kwa mtumbwi wake mpaka tulikopata gari, na mkewe alikaa mbele kabisa, amegeuka nyuma, akimtazama mtoto njia nzima. Mbinga, daktari aliwasha tochi yake ndogo. Jicho la kulia lilikuwa salama. La kushoto aliliangalia kwa muda mfupi tu, na kutokana na ufupi ule wa muda tukajua.

Tukiwa kwenye benchi nje, baba aliniambia, "Kuanzia leo, ukiona namba usiyoielewa, sema siku hiyo hiyo. Usiipende." Hakulizungumzia tena mpaka alipofariki.

Mimi sasa ni fundi wa mizani. Sikuvuka darasa la saba. Kazi niliisoma kwenye vijitabu vya mashine zenyewe, na msimu wa kahawa kila kituo cha kuinunulia huniita. Kwenye maduka ya dawa huwa naomba nione tyubu, hata kama sinunui. Siku hizi mdomo wake umezibwa kwa ngozi nyembamba ya bati, na juu ya kifuniko kuna mwiba wa kuitobolea. Ikitobolewa, umejua imetobolewa. Nilikuwa nimefikiria kifuniko ni cha kuzuia kitu kisitoke. Sikuwahi kufikiria kwamba ni cha kuzuia kisiingie, na niliifungua tyubu ile kwa nyuma, pana kama mfuko, kwa mikono yangu.

Idi hakuwahi kuijua habari ya namba. Alijua habari ya Mama Agnesi, ambayo kwake ni hadithi ya kuchekesha kidogo, na huwaambia watu kwamba chongo lake lilitokana na ukarimu. Siku ile ya sanduku alilichukua daftari, akalisogeza upande wa kulia wa uso wake kama anavyofanya, akaanza kusoma kwa sauti.

"Ishirini na saba. Thelathini na tatu." Akasimama. "Dada, hapa ulikosea?"

"Sikukosea."

Nikamweleza yote, kuanzia mtumbwini. Nilimweleza kwamba nilijua jioni ile ile kuwa namba imepanda, kwamba siku tisa nilikuwa na namba mkononi, na kwamba nilinyamaza kwa furaha. Nilipomaliza alikuwa amekishika kibanio, anakilegeza na kukikaza, anakilegeza na kukikaza, na bado kilikuwa kinabana.

Kisha akafunua ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimeusahau. Ni mwandiko wangu, herufi kubwa, zimepigiwa mstari kwa rula, zimeandikwa siku ile baba aliporudisha pesa kwenye kopo la chai. Idi aliusoma polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma risiti ya mtu mwingine:

"Kifuniko kipya, gharama hakuna. Tyubu mpya haikununuliwa. Tumeokoa shilingi ishirini na mbili."